Nilivyoukata Mti wa Cucu Yako

Nyambura mwanangu,

Umeenda kwa jirani kumuaga Mama Lemayian, na vile namjua hatakuachilia kabla hujamaliza chupa nzima ya chai. Kwa hivyo niko na kama saa mbili. Nimekaa kwa ngazi ya jikoni, daftari la kaka yako juu ya magoti, na jua bado liko juu ya mabati. Sijaandika barua ndefu tangu nimalize darasa la nane. Ukipata herufi imepotea, wewe pita tu.

Sitakuandikia mambo ya sweta, wala ya kuchemsha maji, wala ya kupiga simu ukifika Entarara kwa hiyo kazi yako ya kupogoa. Hayo baba yako atayasema kesho kutoka mlangoni mpaka steji, na akifika steji atayaanza upya. Mimi nataka kurudi kwa ile kitu uliniambia jana tukichambua maharagwe. Ulisema, "Mami, ni shamba zima la avokado la mtu mwingine. Nikiiharibu hiyo miti je?" Nami nikakujibu upesi upesi, "Hutaharibu."

Hilo lilikuwa jibu la uvivu. Jibu la kweli ni kwamba mimi niliharibu. Niliharibu vibaya, na karibu nipoteze nayo mahali pekee palipokuwa pangu kwa hii boma. Wewe ulikuwa na miaka minne. Unaijua tu ile hadithi mama mkwe wangu, cucu yako, husimulia watu baada ya kanisa, ile ya kuchekesha, ambayo huanzia katikati. Leo nakupa mwanzo wake.

Nilipoolewa hapa Kisaju, mti mkubwa ulikuwa mmoja tu, huu wa avokado nyuma ya jiko. Cucu yako aliupanda kwa kokwa mwaka waliohamia kutoka Nyandarua, wakati hapa palikuwa nyasi na upepo peke yake. Aliunywesha maji ya kuoshea vyombo, miaka na miaka, kwa huu udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa kuku unaingia. Nilipoufikia ulikuwa umepita mabati kwenda juu. Matunda yalikuwa huko juu kabisa, machache, na yakiiva yanaanguka kwa paa, pa! yanapasuka. Chini yake palikuwa giza hata mchana. Kila mtu alisema huo mti unahitaji kupunguzwa. Walisema kweli.

Mwezi wa kwanza wa ule mwaka ulipokuwa na miaka minne, cucu akaenda Nyandarua kumuuguza dada yake. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimekaa kwake miaka mitano na bado akiniita "msichana wa Njoroge", kama mtu aliyekuja kumtembelea baba yako wikendi. Nikajiambia, akirudi atakuta mti umepogolewa, jiko lina mwanga, na atasema, huyu sasa ni bibi wa nyumba.

Nikaazima panga na shoka. Nilianza asubuhi. Watu wakipita njiani wanaita, "Mama Nyambura, leo ni leo!" Na mimi kila wakiita ninakata lingine. Nilikuwa nimepanga matawi matatu. Kufika saa kumi sikuwa nimebakisha tawi lenye majani. Lilikuwa shina na mikono minne imeinuliwa juu, kama mtu ameshikwa na polisi. Baba yako akarudi kutoka kwa kazi ya kuchonga mawe Kitengela, akasimama na vumbi lake lote, akaangalia, akaniuliza, "Kwani mti umekukosea nini?"

Hilo ni kosa la kwanza. La pili lilikuja siku hiyo hiyo, na ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu nililifanya kwa roho safi.

Kiangazi kilikuwa kibaya. Nyasi ilikuwa imebaki kama waya. Mama Lemayian akapita na mbuzi wake, akaona hayo majani yamejaa uwanja.

"Takwenya!" akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Hiyo salamu ndiyo Kimaasai nilikuwa najua, na nilikuwa najivunia sana.

"Hizi majani unatupa?"

"Chukua zote."

Akavunja moja, akanusa. "Haina shida kwa mbuzi?"

"Ni majani tu, Mama Lemayian. Yatakuwa na shida gani?"

"Haya. Nyinyi watu wa shamba ndio mnajua mimea."

Na mimi, mwanangu, nikawaza kimoyomoyo: hawa ndio wanajua mbuzi, kama ni mbaya angekataa. Unaona vile ilienda? Yeye aliniamini kwa sababu mimi ni wa shamba. Mimi nilimwamini kwa sababu yeye ni wa mifugo. Katikati yetu hakukuwa na mtu anayejua kitu. Kwetu Murang'a mbuzi alikuwa akifungwa kwa zizi, analetewa matete na majani ya viazi. Avokado zilikuwa zimejaa kila mahali na sikuwahi kuona mtu akimpa mbuzi majani yake. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini.

Siku ya tatu alikuja bila salamu. Akanishika mkono akanipeleka kwake. Mbuzi wanne wenye watoto, viwele vimefura, vigumu kama jiwe, na moto ukigusa. Akakamua mbele yangu. Hakuna. Vile vitoto vilikuwa vinalia na kusukuma mama zao, na mama zao wanapiga teke kwa uchungu. Mama Lemayian hakunitukana. Alisema tu, "Hizo majani zako." Ningependa angenitukana.

Na mti? Mti ulikuwa umezoea kivuli chake wenyewe. Nilikuwa nimeuvua nguo wakati wa jua kali kuliko yote ya mwaka. Baada ya wiki tatu gome la upande wa jua la jioni lilikuwa limebadilika rangi, likapasuka, likaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mahali nilipiga panga palikuwa pamechanika, nyuzi zinaning'inia. Kila asubuhi nilikuwa naenda kuangalia kama kuna jani hata moja. Hakukuwa.

Cucu akarudi akiwa ameandamana na baba yako mdogo, Kariuki. Alisimama hapo nyuma ya jiko na kiondo bado mgongoni. Akauliza, "Nani alikufa nikiwa safari? Mbona mmenyoa mti?"

Kariuki alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua. "Mama, hapa panaingia vyumba vitatu vya kupangisha na choo. Huu umekwisha kufa. Ung'oeni tujenge."

Huenda unajiuliza, ni mti tu, uchungu wa nini? Lakini Nyambura, nyumba ilikuwa ya cucu. Sebule ilikuwa ya wageni wa cucu. Mbele kulikuwa kwa ng'ombe wa cucu. Pale nyuma ya jiko ndipo nilikuwa na ndimu zangu mbili, mpera wangu, sukuma wiki yangu. Ndipo nilikuwa nasimama bila kuitwa. Pakijengwa vyumba, ningekuwa mtu wa kufagia njia ya wapangaji.

Cucu akakitua kiondo chini. Halafu akamwambia Kariuki, si mimi, "Mvua nne. Mti ukizaa kabla mvua ya nne iishe, unakaa. Usipozaa, jenga."

Mvua nne ni miaka miwili. Alisema hivyo akaingia ndani kupumzika, na hakuitaja tena.

Nilianzia kwa mbuzi. Nilienda kwa Mama Lemayian nikamuuliza, "Nifanye nini?" Akasema, "Leta maziwa." Basi. Kila asubuhi mpaka nyasi ikarudi, nilipeleka mkebe wa maziwa ya ng'ombe wetu, tukanywesha vile vitoto kwa chupa, wewe ukishika chupa na Lemayian akishika mbuzi. Hakuna aliyekufa. Siku moja akanifuata mpaka hapa na ndoo ya kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo na jivu. Akaniambia, "Sisi tukitoa gome kwa mti kwa sababu ya dawa, hatuachi mti uchi." Akaupaka mwenyewe, kwa mikono yake, upande wote uliochomeka. Mti wa mtu aliyekausha maziwa ya mbuzi wake. Nilimshikia ndoo mpaka akamaliza.

Halafu nikaenda Kitengela kwa yule mama alikuwa anauza miche kando ya barabara. Wewe ulikuja kumjua baadaye, ulimi kama wembe. Nilimweleza kila kitu. Akanisikiza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe ulikuwa unapogoa ama ulikuwa unapigana?"

Alicheka mpaka akakaa kwa ndoo. Lakini alipomaliza kucheka alinifundisha, na yale alinifundisha siku hiyo ndiyo nimekulisha tangu ukiwa mdogo. Kwamba avokado unaipogoa ukishavuna, kabla maua hayajaanza kuvimba, udongo ukiwa na unyevu na jua likiwa limepoa. Mwezi wa kwanza huku kwetu usiguse. Kwamba kwa mwaka mmoja usitoe zaidi ya robo ya mti, hata watu wakisema nini. Kwamba mahali jua litapiga shina moja kwa moja, paka chokaa ya maji. "Kinyesi pia ni sawa," akasema, "huyo jirani yako ana akili kukushinda." Na kwamba sasa nirudi nyumbani nisifanye kitu.

"Kitu chochote?"

"Mimina maji na uweke mikono mfukoni."

Mvua ya mwezi wa nne ikaja, na mti ukafanya muujiza. Machipukizi yalitoka kila mahali, mekundu, laini, kama nywele za mtu aliyeamka. Nilipiga kelele. Wewe uliyapa majina. Kulikuwa na Wanja, na Pasta, na moja uliliita Sufuria, sijui kwa nini. Nikampigia yule mama wa miche nikidhani tumeshinda. Akasema, "Usifurahi. Hiyo yote ni fujo. Yakifika urefu wa mkono wako, bakisha matano."

Matano! Kwa mti uliokaribia kufa! Nilizunguka siku tatu na mkasi. Nilibakisha yale yaliyokuwa yameshika shina kwa nafasi, kama mkono umefunguliwa kusalimia, na yanayoangalia pande tofauti. Yale yaliyobana na shina kama kwapa niliyatoa, kwa sababu upepo wa Kisaju ungekuja kuyapasua yakiwa na mzigo. Ulikaa chini ukilia, "Mama umekata Pasta!" Na mimi nikilia pia, juu ya ngazi, kwa sababu zangu.

Mvua ya pili, majani. Mvua ya tatu, majani tena, mazuri, lakini ua hata moja hakuna. Kariuki akaleta lori la mawe ya kujengea, akayapanga pale kando ya lango. Kila nikienda kufungua lango nilikuwa nayaona. Na hapo, Nyambura, ndipo nilikaribia kuharibu mara ya pili. Mikono iliniwasha. Nilitaka kukata kidogo hapa, kidogo pale, niusaidie, niuamshe. Nilipanda ngazi na msumeno siku moja asubuhi. Nikakaa huko juu karibu saa nzima. Nikashuka bila kukata kitu.

Kama utauliza ni siku gani nilijua kupogoa, ni hiyo. Hakuna mtu aliyeniona.

Mwezi wa tisa wa mwaka wa pili nikatoka kumwaga maji ya chai nikanusa kitu. Nikainua kichwa. Maua! Madogo, ya kijani na manjano, hata huwezi kuyajali kama hujayangoja, lakini yalikuwa yamefunika mti wote, kutoka chini hadi juu, na nyuki wamejaa wanaunguruma kama mashine ya kusaga. Upepo ukaja ukaangusha mengi. Nilikuwa nayafagia nikiomba. Mvua ya nne ilipoanza kulowesha mawe ya Kariuki, kulikuwa na avokado ndogo kama gololi, zimening'inia mahali mtoto anaweza kufikia kwa mkono.

Kariuki akaja kuangalia. "Hizo ni za kuanguka tu," akasema. "Mama alisema uzae."

Cucu akatoka jikoni akijipangusa mikono. Akazunguka mti polepole. Alikuwa anahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Akafika thelathini na kitu akaachia hapo. Akamgeukia Kariuki.

"Nilisema kuzaa. Sikusema kuiva."

Na kabla hajafunga mdomo vizuri akapiga ngemi. Unajua zile vigelegele zetu, tano kwa mtoto wa kiume na tatu kwa wa kike? Alipiga tano, akavuta pumzi, akaongeza tatu. Mama Lemayian akasikia kutoka kwake akadhani kuna mtu amejifungua. Akaja mbio na kibuyu cha maziwa, shanga zinalia, "Nani amezaa? Nani amezaa?"

"Mti!" cucu akamjibu. "Huyu binti yangu amezalisha mti!"

Binti yangu. Niliketi chini pale pale kwa matope. Mama Lemayian alicheka mpaka maziwa yakamwagika, na yale yaliyobaki tukayanywa kwa kupokezana, hata Kariuki. Wiki iliyofuata akaita lori, akayahamisha mawe yake mpaka ploti yake ya karibu na barabara, na hapo nyuma ya jiko hakuna mtu amepima kwa hatua tena.

Sasa sikiliza mama yako. Kosa langu halikuwa panga, na halikuwa mwezi wa kwanza. Hayo yanafundishika kwa siku moja. Kosa langu ni kwamba nilikata ili nionekane. Mti haukuwa mbele yangu hata kidogo siku ile. Mbele yangu kulikuwa na cucu, na wale waliokuwa wanapita wakiita leo ni leo.

Huko Entarara mwenye shamba atakuja jioni ya siku ya kwanza, na atataka kuona matawi yamelala chini. Utamwambia, "Bado naangalia." Atakuona mvivu. Muache akuone mvivu mpaka mvua ije. Wewe zunguka. Ukitaka kujua mti unahitaji nini usiangalie juu peke yake, angalia chini saa sita: kivuli kikiwa cheusi bila doa, kuna kazi; kikiwa na madoa ya jua kama kitenge, uache. Uliza kuhusu kila kitu unachodhani mtu mwingine anajua, hata ukionekana mjinga. Na majani ya avokado yakianguka, yachimbie shimo kabla mbuzi wa mtu hajapita. Hilo halina mjadala.

Utakosea, mwanangu. Nakwambia hivi bila hofu. Pale kwa shina letu, upande wa jua la jioni, bado kuna shimo ambalo mkono wangu unaingia mpaka kiwiko. Halijawahi kufunga. Mti umezaa kila mwaka ukiwa nalo.

Kitu cha mwisho kisha niingie niweke chakula. Jumamosi iliyopita nilikuachia lile tawi kubwa la juu ya paa, nikasema naenda kusonga ugali. Sikusonga kitu. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Nikasikia msumeno ukianza na kata fupi kutoka chini ya tawi, ili gome lisichanike. Halafu kata ndefu kutoka juu. Tawi likaanguka mara moja, bila kulia. Halafu kimya, kimya kirefu, na nikajua unakiangalia kile kisiki unachagua mahali pa kukikata, karibu na shina lakini si kwa shina. Sikutoka nje. Ni mara ya kwanza kwa maisha yangu nimeacha mtu akate mti huo bila kusimama chini yake. Nilirukaruka hapo jikoni peke yangu na mwiko mkononi kama mtu wazimu. Kwa hivyo hofu yako ya jana nimeisikia, lakini masikio yangu pia yamesikia huo msumeno.

Najua unangoja nikupe msumeno wangu. Sikupi. Nunua wako, uuzoee mkono wako, uunoe mwenyewe. Wangu bado niko na kazi nao: baba yako mdogo Kariuki alipiga simu leo asubuhi, sauti imekuwa ya adabu sana, miti aliyopanda kwa ile ploti ya barabarani imefunga madirisha ya wapangaji na anaogopa kuigusa. "Mama Nyambura," akasema, "tafadhali, kuja wewe."

Nimemwambia nitaenda Alhamisi. Lakini siku ya kwanza nitaangalia tu.

Mungu akutangulie mpaka Entarara, na akulindie mikono yako.

Ni mimi mama yako, Wangari.